Jumapili Mwalimu Philemon Alipokunja Mikono

Benchi letu hapa Karatina, nyuma ya soko upande wa wauza viazi, lilikuwa la kanisa. Walipoleta viti vya plastiki wakalitupa nje, nasi tukaliokota kabla halijageuzwa kuni. Labda ndiyo maana hapa watu hubishana kama walokole, kwa sauti ya juu na bila kuombana msamaha. Anayefika kwanza ni Theuri, ambaye tunamwita Kamati kwa sababu hakuna kamati ya kanisa iliyowahi kuundwa bila yeye. Halafu Sajini Kyalo, polisi mstaafu aliyeletwa huku na kazi, kazi ikaisha na yeye akabaki. Halafu Ngatia, muuza dawa za mifugo, tunamwita Daktari na yeye anaitika. Kahawa ni ya Lavender, anayetuuzia kwa chupa. Jumatatu hiyo hakuna aliyeuliza bei ya viazi. Jana yake, katikati ya wimbo wa mwisho, Mwalimu Philemon, anayepiga kinanda chetu cha kukanyaga, aliondoa mikono, akaikunja kifuani na kukaa hivyo mpaka wimbo ukaisha. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma bila kumsalimia mtu. Saa nane mchana kamati ingekaa kuamua kama ataendelea ama ataachishwa. Mimi yule mzee nampenda, na siku hiyo nilikuwa nimemkasirikia kwelikweli.

KAMATI: Mimi nimeshaamua. Kanisa si ya mama yake. Ati anaacha watu katikati ya wimbo, anakunja mikono kama mtu anangoja kinyozi!

SAJINI: Ulipompigia simu alisema nini?

KAMATI: Sikumpigia. Mwenye makosa ndiye anapiga.

DAKTARI: Wacheni niwaeleze. Hiyo ni mambo ya mwili. Ng'ombe ikikosa madini, miguu zinaisha nguvu ghafla, inalala chini. Na Mwalimu amekanyaga hiyo kinanda tangu watoto wetu wabatizwe.

SAJINI: Lakini Daktari, iliyoacha kazi ni mikono. Si miguu.

DAKTARI: Inapanda!

SAJINI: Hapana. Mimi nimefanya upelelezi miaka mingi. Mtu akitoka na mlango ya nyuma, uliza nani anamngoja huko nje. Kuna kanisa huko Sagana inatafuta mtu wa kinanda. Wamemchukua. Ile kukunja mikono ilikuwa ishara.

— Ishara kwa nani? nikauliza.

SAJINI: Kwa mtu wa Sagana. Nilimwona kwa macho yangu, amekaa nyuma kabisa na koti ya brauni.

— Huyo ni mimi!

SAJINI: Basi uko na maswali ya kujibu.

DAKTARI: Nimefikiria tena. Si madini. Ni nyuki. Malkia ameingia ndani ya kinanda, na Mwalimu akaona akiendelea ataamsha kundi lote. Ametuokoa.

— Nyuki tungewasikia, Daktari.

DAKTARI: Nyuki za mlima zinaweza kunyamaza. Hamjui mifugo nyinyi.

KAMATI: Hakuna nyuki, hakuna Sagana. Ni kisasi. Amesikia tunataka kumleta yule kijana wa Kenol na kibodi yake. Ile kibodi unabonyeza mahali pamoja, ngoma inaingia, gitaa inaingia, watu wanapiga makofi. Haichoki. Haikunji mikono. Na haitatuweka baada ya ibada kama watoto wa nasari.

Hapo alitugusa sote. Tangu siku tulipomzika mzee Dedan, ambapo wimbo ulianzishwa juu mno ukatufia midomoni mbele ya jeneza, Mwalimu aliapa kwamba hatazikwa mtu mwingine kwa aibu ile. Kwaya peke yake haitoshi, akasema, na kinanda hakibebwi mpaka kaburini. Kila Jumapili baada ya ibada akawa anatuzuia kanisa zima na kutugawa kwa viti. Akina mama wa dirishani sauti ya kwanza, wa katikati ya pili, wanaume wa mlangoni ya tatu, na sisi wa nyuma besi. Anatupigia mstari wetu kwa kidole kimoja, tunakosea, anatucheka waziwazi, anarudia. Amefundisha muziki kwenye shule za huku tangu alipotumwa kutoka Vihiga akiwa kijana, na hadi leo hakubali kwamba kuna mtu asiyeweza kuimba. Mtu huyo yeye anamwita mvivu.

Tulikuwa bado tunanung'unika hivyo bodaboda ikasimama, akashuka mwanamke mwenye begi la safari.

— Habari zenu, wazee. Naitwa Peris, natoka Chuka, nafundisha muziki huko. Naulizia kwa Mwalimu Philemon. Alinifundisha shuleni.

KAMATI: Umekuja siku mbaya, mama. Mwalimu wako ametuaibisha.

Akamweleza yote, na Sajini akaongeza koti la kahawia. Peris alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka begi chini.

PERIS: Aliondoa mikono wimbo ukiwa wapi?

KAMATI: Ubeti ya pili ikiisha. Zilikuwa zimebaki mbili.

PERIS: Na hizo mbili nani aliimba?

Daktari aliweka kikombe chake chini.

SAJINI: Mimi niliimba besi yangu.

DAKTARI: Hata mimi. Ile mstari inakaa mahali pamoja, halafu inashuka.

SAJINI: Nyuma yangu kulikuwa na mtu anaishika vizuri sana.

— Huyo ni mimi, nikasema tena.

Maana nilikumbuka. Nilikumbuka akina mama wa dirishani wakipanda, wa katikati wakiwafuata kwa chini, wanaume wa mlangoni wakiwa na njia yao, na sisi chini ya wote tumesimama imara. Beti mbili nzima, kila mtu mahali pake. Tulikuwa na shughuli ya kumtazama Mwalimu kwa hasira, hata hatukuzisikia sauti zetu wenyewe. Niliona fahari na haya kwa pamoja.

PERIS: Hata shuleni alikuwa anafanya hivyo. Siku darasa imeweza kusimama yenyewe, anaondoa mikono, anasikiliza. Halafu anatoka nje haraka, hataki tumwone akilia. Jana alinipigia simu akashindwa kuongea. Alisema tu, "Peris, wameweza." Nikaona lazima nije.

KAMATI: Sawa. Lakini pia ile kibodi ya Kenol ni kitu ya maana. Iko na sauti karibu mia.

PERIS: Nazijua hizo, mzee. Ni nzuri. Nauliza tu: inajua ni lini inyamaze?

Lavender, aliyekuwa akiongeza kahawa, alisimama na chupa mkononi akimtazama Kamati. Sajini akamwonyesha Peris njia ya kwa Mwalimu, naye akabeba begi lake akaenda.

Kamati alitoa simu mfukoni. Akalitafuta jina kwa muda, akabonyeza, akaiweka sikioni.

SAJINI: Unampigia nani?

KAMATI: Mwalimu.

SAJINI: Si ulisema mwenye makosa ndiye anapiga?

KAMATI: Nyamaza, Sajini. Inalia.