Mwamba wa Kumsenga na Barua Isiyo na Sahihi

Ijumaa hii, tarehe 12 Septemba 2025, Bi. Yusta Gwimo, mpiga picha wa ofisi yetu ya wilaya hapa Kibondo, anatimiza miaka sitini na kufunga miaka thelathini na minne ya utumishi. Anaondoka na magoti mabovu na msimamo uleule aliokuja nao.

Alianza mwaka 1991 kwa picha za vitambulisho, kisha ziara na uzinduzi wa visima. Waheshimiwa kadhaa wamefumba macho kwenye picha zetu, kwa sababu Bi. Yusta hakumpiga mara ya pili mtu aliyechelewa kufumbua.

Mapenzi yake hasa yalikuwa miamba ya mchanga iliyo korongoni ng'ambo ya Kumsenga, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka gari linapoishia. Kiangazi imefifia kwa vumbi. Asubuhi baada ya mvua ya kwanza, jiwe linatoa mistari myekundu, ya njano na ya zambarau kama mkeka mpya. Mvua ya Oktoba ikipiga bati, dereva wetu Khatibu alijua safari imeshapangwa bila yeye kuulizwa.

Mwaka 2017 alipeleka picha za miamba hiyo ziingie kwenye kalenda ya ofisi. Mkuu wetu wa wakati ule, ambaye wilaya aliijua kupitia kioo cha gari, akasema ni picha za jangwani zilizopakuliwa mtandaoni. Kibondo ni migomba na mihogo, miamba ya rangi imetoka wapi? Ikaandaliwa barua ya Bi. Yusta kukiri udanganyifu na kuomba radhi. Asiposaini, arudishe kamera.

Akairudisha siku hiyohiyo. Miaka minne alipanga majalada masjala, na Jumamosi akaenda korongoni na kamera aliyojinunulia. Tangu hapo kila picha ya mwamba ina Pelagia, mkulima wa Kumsenga mwenye shamba kando ya korongo, jembe begani. Pelagia alituma salamu ofisini kwamba anayeliita shamba lake jangwa aje amsaidie kupalilia.

Mwaka 2021 mkuu mpya alikwenda kwa miguu yake, akarudi viatu vimejaa udongo. Bi. Yusta alirudishiwa kamera. Radhi hakuombwa na mtu.

Barua ile niliichapa mimi. Nimechunga mbuzi kwenye miamba hiyo utotoni, rangi zake nazijua, na bado nilichapa nikanyamaza. Naona aibu mpaka leo. Juzi nimeifungua kwenye jalada lake: mahali pa sahihi bado ni peupe.

Bi. Yusta, asante, na unisamehe. Ukaishi kwa raha huko Murungu unakokwenda kupumzika, na kila mvua ya kwanza ikukute umeshafika korongoni.

Picha iliyo mbele ya programu hii ya hafla ya kumuaga, ya mwamba na Pelagia na jembe lake, nimeiweka bila kuomba kibali. Atakayeniandalia barua ya kuomba radhi asijisumbue, sitaisaini.

Didas Ruhwanya, Katibu Muhtasi