Ua Jekundu la Mama Ghaliya

Benchi letu hapa Sib liko ubavuni mwa duka la mkate. Alasiri harufu ya tanuri ikitoka tu, wenyewe tushakaa. Yaqoob ndiye mwenye chupa ya kahawa. Umri wake wote wa kazi aliendesha gari la wagonjwa, tukampa jina la Daktari, naye hakatai. Sleiman ni Redio, maana hazimiki. Mimi nipo kwa kusikiliza na kukasirika. Wa nne ni Marhoon, huyu tunamwita Fagio: hawezi kuona jani limelala chini akaliacha. Na ufagio wake huo ndio uliomtoa mkewe nyumbani. Bibi Masouda alipanda chunguni khashkhash, ua jekundu la kondeni, mbegu kazichuma mwenyewe mlimani Jabal Akhdar, pembezoni mwa konde la ngano. Zilipochipua, Marhoon akaona magugu, akang'oa yote, akafagia na udongo uliomwagika. Masouda kasusa, kahamia kwa binti yao Ghaliya, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Leo Marhoon katujia na ua moja ndani ya kikombe cha kahawa, jekundu, jembamba hata jua linapenya. Tukasogea sote kulitazama. Hata Redio akazimika kidogo.

— Kumbe mche mmoja ulijificha pembeni mwa chungu, nikausahau, — alisema Marhoon. — Asubuhi nimekuta ua limefunguka. Nampelekea Mama Ghaliya. Sleiman, gari yangu iko gereji, nipeleke.

— Namaliza kikombe hiki tu, — alisema Sleiman.

— Fanya haraka, yaakhi. Nyumba haikaliki. Nafagia, nikimaliza hakuna wa kuniambia nimefagia vibaya.

Wallahi nilimhurumia. Lakini Daktari keshavaa miwani, kaliinamia lile ua.

— Mwambie na faida zake, — alisema Yaqoob. — Mwanamke akipewa ua tupu hafurahi. Mwambie majani yake haya yakichemshwa na sukari ni dawa ya kifua.

— Masouda hana kifua.

— Atapata, baridi haijesha.

— Subirini, — alidakia Sleiman. — Hili silo linalotoa kasumba? Tutakamatwa hapa benchini!

— Lile ndugu yake, — alisema Yaqoob. — Lile ndilo linalotoa dawa ya maumivu ya hospitali. Hili jekundu la kondeni ni pole, halina ubaya na mtu. Ukoo mmoja, tabia mbalimbali.

— Kama mimi na kaka yangu, — alisema Sleiman, akajimiminia kikombe cha pili.

— Sleiman! Umesema kikombe kimoja!

— Hicho kilikuwa cha kuonjea. Sikiliza, Waingereza wanalivaa kifuani, kuwakumbuka waliokufa vitani. Libandike hapa kwenye dishdasha, uingie nalo.

— Niingie kwa mke wangu nimevaa alama ya maiti?

— Basi mbegu, — alisema Yaqoob. — Kuna nchi wanazinyunyiza juu ya mkate, kama sisi tunavyotia ufuta. Wengine wanazikamua mafuta, wachoraji wakachanganyia rangi.

— Mimi nataka kusamehewa, Daktari. Sitaki kuoka wala kuchora.

Hapo jani moja la ua likadondoka juu ya benchi. Marhoon akaliokota, akalipuliza vumbi, akajaribu kulirudisha mahala pake. Halikushika.

— Limechoka na safari, — alisema Sleiman. — Litie kahawa kwenye maji yake, litaamka.

— Unataka kuliua?

— Mimi kahawa hainiamshi?

— Wewe ni ua?

Nikawaambia jamani, mpelekeni mtu, ua lenyewe hilo halina subira. Nani anisikilize! Redio keshapata stesheni.

— Kuna mtu kaniambia, — alisema, — mtu wa kuaminika kabisa, ukililaza ua hili chini ya mto, unaota mkeo kakusamehe.

— Chini ya mto wangu au wake? — aliuliza Marhoon, naye masikini kauliza kwa dhati.

Wakabishana juu ya mto. Daktari akashikilia uwe wa mke, kwa sababu yeye ndiye mwenye kusamehe. Redio akasema wa mume, maana wa mke utaupataje naye kahama nao? Chupa ikazunguka, tende zikazunguka, na kila mkono ukigonga benchi, jani jengine chini. Mwisho kikombeni kikasimama kikonyo, na kichwa chake kidogo cha kijani. Marhoon alikitazama, macho yakamlowa, asijifiche.

Ndipo gari ya Ghaliya ikasimama mbele yetu. Bibi Masouda akashuka, chungu kakipakata, shela imemteleza begani kwa haraka.

— Asalaam aleikum.

— Waaleikum salaam, Bibi Masouda, — tulijibu, kila mmoja kwa sauti ya mtoto wa chuoni mbele ya mwalimu wake.

— Jirani kaniletea picha jana. Tumba moja, linataka kufunguka. Usiku sikulala, nikamwambia Ghaliya nirudishe kwangu, ua langu hilo. — Akatazama benchi, jekundu kwa majani, akatazama kikombe. — Nafika, nakuta limekatwa.

— Nilikuwa nakuletea, Mama Ghaliya, — alisema Marhoon. — Urudi.

Masouda akapandisha shela begani kwa mkono mmoja.

— Baba Ghaliya, kwani ungeliacha pale pale, mimi nisingekuja?

Redio akatua kikombe. Daktari akavua miwani. Mimi nikaanza kuokota majani benchini.

Marhoon akainuka, akanyoosha mikono, akakipokea kile chungu.

— Taratibu! — alisema Masouda. — Chini hapo kuna tumba jengine. Ukiligusa, nnahama na mlango.

Marhoon akatangulia kwa miguu kuelekea nyumbani, anatembea kama kabeba mtoto wa siku saba. Masouda nyuma yake, anamgombeza njia nzima: usiinamishe, usikimbie, tazama jiwe. Naye kila neno anaitikia, na mgongoni tu tulimwona anavyocheka.