Kupe Tuliowaficha Wataalamu

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakubwa wa idara ya mifugo, bwana mifugo wetu tunayekuaga, wafugaji wenzangu, na ninyi mliojazana mlangoni mnatuzibia hewa, nawasalimu.

Nimeambiwa nimsifu anayestaafu. Namsifu. Ukutani ofisini kwake kuna cheti chenye kioo, kinasema kata yetu ina ndigana, ugonjwa huu wa kupe, kidogo kuliko zote. Cheti kile hakukipata peke yake, tulimsaidia.

Mnakumbuka wataalamu walipokuja kupima? Siku mbili kabla nilikaa na beseni, nikabandua kupe masikioni na chini ya mikia, ng'ombe mmoja mmoja, hata mbuzi nikawapaka mafuta. Waliovimba tezi na kukohoa povu tukawafungia nyuma ya ghala. Kwani nani anamwonyesha mgeni uchafu wa nyumba yake? Wakachukua damu ya wazima, wakatafuta kupe wakachoka. Bwana mifugo, aliyemdunga sindano ya ndigana ng'ombe wangu mweupe wiki ileile, akaniuliza, "Bibi, ndio hawa wote?"

"Ndio hawa, mwanangu."

Akaandika. Ana mwandiko mzuri sana, hilo nalo nalisifu.

Basi dawa ya kuogeshea ng'ombe joshoni ikapelekwa kata zenye shida. Sisi wasafi tukabaki na josho la vyura na cheti cha kioo. Katika ng'ombe wangu tisa, wamekufa wanane. Na wewe Mzee Kofia, usinicheke. Wako walikuwa nyuma ya ghala na wangu, tena walikohoa kwa sauti.

Binti unayechukua nafasi yake, nasikia utapima upya. Habari imefika. Leo asubuhi nimemkuta mkaza mwanangu na beseni, anamwandaa yule wa mwisho kwa ajili yako. Nimemnyang'anya. Ng'ombe yuko nje, nimemfunga kwenye gari la mheshimiwa, na kupe wake wote, tezi imevimba tangu jana. Akitibiwa leo huenda akapona. Akisubiri soda ziishe, sijui.

Nawe mwanangu unayetuaga, utumishi wako unaisha saa kumi, na kalamu naiona mfukoni. Niulize tena kama ndio hawa wote. Safari hii nitakupeleka nyuma ya ghala.

Masikio yenu nimeyatumia vya kutosha, nashukuru. Sasa nyanyukeni, tutoke nje mkaone.