Bethwel Wepukhulu, Aliyeyapa Mawingu Jina Moja

Marehemu Bethwel Wepukhulu alizaliwa tarehe 4 Machi 1968 hapa Bumula, mtoto wa tatu wa mzee Wabwile. Alisoma msingi hapa nyumbani, akamaliza sekondari Kitale mwaka 1987.

Mwaka 1989 alimwoa Nasimiyu, ambaye hakupelekwa shule. Ng'ombe kumi na watatu wa mahari walifika kwao Lwakhakha. Waliowaswaga wamo humu hemani. Walijaliwa Joy na Tonny. Marehemu alipokwenda chuo kusomea hali ya hewa, Nasimiyu ndiye aliyelima shamba hili.

Kazi ya marehemu ilikuwa mawingu yanayopimwa na satelaiti. Kila nchi ilikipa kipimo kile kile jina lake, hata kompyuta zikashindwa kuunganisha vipimo hivyo. Kuanzia 2013 hadi 2019 aliketi katika kamati ya kukubaliana majina. Jioni moja alisema, "Mama Joy, urefu wa wingu ni mmoja, majina kumi! Tukishakubaliana, hakuna wa kubadilisha." Kila asubuhi saa nne, satelaiti ikipita, Nasimiyu alisimama uwanjani akimweleza marehemu aliyekuwa kazini, kwa simu, mawingu ya Bumula, naye akalinganisha.

Mwaka 2016 wanakamati walitembelea boma hili. Bwana Matthew, ambaye yupo leo, aliuliza, "Huyu mama ni nani?"

Marehemu akajibu, "Ah, huyo hunisaidia shamba."

Nasimiyu alikuwa ameshika birika. Alimimina chai, hakumwaga hata tone.

Mwaka uliofuata marehemu alihamia Kibomet, Kitale, kwa mwanamke aitwaye Mukami. Figo zilipomlemea Januari 2025, Mukami alipiga simu: "Kuja uchukue mtu yako." Nasimiyu alimchukua, akamwosha na kumlisha miezi minane. Wodini Bungoma muuguzi aliuliza, "Mzee, huyu ni nani wako?" Marehemu akatazama dirishani. Nasimiyu akasema, "Andika mke." Marehemu aliaga dunia tarehe 11 Septemba 2025, saa nne asubuhi.

Juzi shemeji Mukhwana alisema, "Si tuandike wajane wawili tu, bana, kuwe na amani." Nasimiyu alikataa. Akamwambia Joy aandike anavyomtajia, kwa utaratibu wa majina wa marehemu mwenyewe.

Ameacha mjane mmoja, Nasimiyu. Watoto wawili, Joy na Tonny. Ndugu mmoja, Mukhwana. Na jirani wa Kibomet, Mukami, aliyeketi kiti cha mbele na anayeombwa sasa arudi nyuma.

Bethwel, lala salama. Majina tumeshakubaliana.