Honorine Mukabaranga, Aliyepima Mafuta ya Mbegu (1966–2025)

Honorine Mukabaranga alizaliwa Nkanka tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu wa mvuvi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, kisha akavuka mpaka kwenda Bukavu, Kongo, kwa shangazi yake, ambako alihitimu ufundi wa maabara mwaka 1987. Alifanya kazi Bukavu, na tangu 1997 katika maabara ya kituo kimoja cha afya hapa Mururu.

Tarehe 10 Agosti 1996 alifunga ndoa na Christophe-Aimé Ntabaza, mfanyabiashara wa Bukavu. Siku hizo alikuwa hajaanza kukamua mbegu. Alipoanza, mwaka 2012, mume wake alilalamika mbele ya wageni: "Honorine, nyumba yetu inanukaka pilau, na pilau yenyewe hatuionake!"

Alikuwa akiweka tone la mafuta ya habasoda kwenye sahani ya maabara yenye vijidudu. Kesho yake, pale kando ya tone, palikuwa safi. Dondoo ya mbegu za giligilani aliichanganya na mafuta ya kukaangia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na akina mama wa Kamembe wakaona mafuta yao yanachelewa kuchacha. Watu walifurahi. Yeye aliogopa kwamba wangefurahi kupita kiasi.

Tarehe 6 Aprili 2022 alipigiwa simu na Hamdani, mkulima wa mpunga wa Bugarama aliyekuwa amenunua mafuta kwake. Binti yake Uwase, wa miaka sita, alikuwa ameungua mguu, na kwa siku nne baba alimpaka habasoda tu.

"Maman, si ulisema inauaka bamicrobe?"

"Kwa sahani, Papa. Mutoto si sahani. Iko na homa?"

"Tangu jana."

"Mupeleke hospitali sasa hivi. Na mimi nakuja."

Alikaa kwenye korido ya hospitali siku nzima, rozari mkononi, akisimama kila mlango ulipofunguka. Uwase alilazwa wiki tatu, akapona. Lakini dada yetu hakutulia tena. Aliwapigia simu wote walionunua mafuta yake, mmoja mmoja, akiwauliza wanayatumia kwa kazi gani. Tangu hapo aliuza ya jikoni tu.

Novemba 2024 alianza kuumwa tumbo na kukonda. Wifi yake Charlotte alimletea chupa ya habasoda: "Kunywa hata kijiko kimoja, Maman." Akamjibu: "Sijaipimaka kwa ugonjwa hii. Tungojee daktari."

Alikubali kukatwa kinyama cha ini, kikapelekwa Kigali kupimwa tarehe 13 Januari 2025. Tulingoja. Simu ikilia, kila mtu aliikimbilia. Kila asubuhi aliuliza, "Matokeo imefika?" nasi tulimjibu kwamba bado. Alifariki Jumapili, tarehe 2 Februari, saa nne asubuhi, mkono wake katika mkono wa mume wake. Majibu yalifika Jumanne: saratani ya ini. Tulimuuliza daktari kama tulichelewa. Alisema hata kama tungekuja miezi miwili kabla, kisingebadilika kitu. Tunajaribu kumwamini.

Ameacha mume, Christophe-Aimé, watoto watatu, Fabien, Uwamwezi na Elikia, mjukuu mmoja, na mimi mdogo wake, Valens, ninayewasomea haya.

Mungu ampe amani ambayo wasiwasi wake kwa ajili yetu haukumwachia. Apumzike.