Nusu Dumu la Maji ya Kisima

Wapendwa, msinicheke hapa, chekeni mkifika kwenu. Mimi niliamini, kwa akili zangu zote, kwamba daktari wa figo kule Kilifi alikuwa akipeleka mikojo yetu Ulaya ikachemshwe, itengenezwe marashi. Nikipishana na mtalii pale Malindi ananukia vizuri, nasema moyoni: huyu kajipaka Magarini yetu nzima!

Ulikuwa mwaka ule wa njaa, wa mahindi ya manjano ya msaada. Nilivimba. Miguu kama magunia ya makaa, uso ukameza macho. Daktari akasema figo zangu zinavuja, lishe ya mwili yapotea na mkojo. Akanipa vidonge na dumu jeupe. Kila siku ya kliniki ikikaribia, nikojoe humo mchana na usiku, lisipotee hata tone, nimpelekee apime.

Asubuhi alitibu watu. Alasiri alijifungia na darubini na madaftari, akitafuta kwa nini watu wa huku huvimba hivi na dawa gani yawafaa. Akaniomba niwe mmoja wa wale anaowachunguza. Nikatia dole gumba, maana kusoma nilikuwa sijui.

Sasa sikieni ujinga wangu. Nikawaza: atajirike kwa mali yangu? Nikamwaga nusu kwenye mgomba, nikajazia maji ya kisima.

Daktari akapima, akafurahi. "Figo zinapona, mzee." Akapunguza vidonge. Mara ya pili nikafanya vile vile, akapunguza tena. Nami nikafura mpaka mlango wa nyumba ukanikataa, pumzi ikawa ya kuombaomba. Nikalazwa. Daktari akaja na daftari lake, akasimama kando ya kitanda.

"Karatasi zasema umepona," akasema. "Mwili wasema unakufa. Sijui niamini lipi."

Mke wangu akajibu: "Amini mwili, daktari. Baba Kadzo huyu amekuwa akikuletea maji ya kisima."

"We mwanamke!"

"Nyamaza! Niwe mjane kwa sababu ya marashi?"

Ndugu zangu, nilingoja matusi. Hayakuja. Daktari alipiga mstari kwenye kurasa zangu, kazi ya miezi mingi, akasema polepole: "Kumbe nimekutibu kwa maji ya kisima. Na atakayevimba baada yako ningemtibu kwa hayo hayo."

Nawaambia, nilidungwa sindano kama elfu kumi, hakuna iliyonichoma hivyo. Vidonge vikarudi. Chumvi nikaiacha, papa mkavu nikamuaga kwa machozi. Dumu nililibeba hata harusini, nikalijaza kwa haki. Uvimbe ukashuka siku hata siku, mpaka nikaviona vidole vyangu vya miguu. Nikavisalimia kimoja kimoja! Kisha nikaingia masomo ya jioni ya watu wazima, nisije nikatia dole tena kwenye nisichokisoma.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, aliyenichongea akaniokoa. Namshukuru daktari, aliyefungua ukurasa mpya asinifukuze. Ukiwa mgonjwa, mwambie daktari kweli, hata ikiwa ya aibu, kwani dawa yako na ya mwenzio aipima kwa hiyo.

Na marashi je? Juzi nilikwenda kumwonyesha cheti changu cha masomo. Nikajikaza, nikamwuliza: mikojo yetu huenda wapi hasa? Akavua miwani.

"Tunaipima," akasema, "kisha tunaimwaga chooni."