Mama Kasma na Kata Isiyokuwa na Mwenyewe

Tarehe 30 Juni mwaka huu, siku ambayo vitabu vya mwaka wa fedha hufungwa, halmashauri yetu inafunga pia utumishi wa miaka thelathini na minne wa Afisa Mipango Mkuu. Kwenye barua za kiofisi ana jina lake kamili. Kwenye korido, sokoni na kwa walinzi wa getini, yeye ni Mama Kasma. Kasma, kwa mgeni wa mambo yetu, ni fungu la bajeti lenye namba yake, na yeye alizijua namba hizo kwa kichwa kama mzazi anavyojua siku za kuzaliwa za wanawe. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, huapa kwamba za kasma anazijua zaidi.

Alianza kama karani wa masijala, katika kile chumba cha chini ambacho dirisha lake hufunguka nusu tu. Kazi yake ilikuwa kupokea mafaili, kuyapiga muhuri na kuyapanga. Siku moja mkurugenzi wa enzi hizo alimkuta amezama kwenye muhtasari wa kikao cha madiwani, chai yake imeshapoa.

"Wewe umeajiriwa kupanga mafaili, si kuyasoma," akamwambia.

"Nikiyapanga bila kuyasoma, mzee, nitajuaje lipi linakaa na lipi?"

Mzee yule alicheka, na miaka miwili baadaye ndiye aliyetia saini barua ya kumpeleka masomoni. Alirudi akiwa afisa mipango, akapewa meza karibu na mlango, na hiyo meza hakuiacha mpaka ilipovunjika mguu.

Mimi nilimkuta miaka kumi na moja iliyopita. Rasimu yangu ya kwanza ya bajeti ilikuwa na mstari ulioandikwa "matumizi mengineyo". Aliusoma, akavua miwani, akaniuliza, "Huyu Mengineyo ana sura gani? Nenda kamlete nimwone." Nilikaa na ile karatasi siku nzima nikimtafuta Mengineyo, na jioni nikagundua alikuwa matairi mawili na dumu la rangi. Nisamehewe kwa kufichua kwamba hata ratiba ya sherehe hii ya kumuaga imepita mikononi mwake, na mstari mmoja umekatwa kwa kalamu nyekundu.

Asidhani mtu kwamba ukali wake ulikuwa wa ndani ya ofisi tu. Muuza nyanya mmoja aliwahi kumsimamisha katikati ya soko: "Nyie kila siku mnanikata ushuru. Serikali kuu si inawapa hela? Ya kwangu ya nini?" Mama Kasma aliomba ndoo, akaigeuza, akaikalia. Akamweleza kwamba halmashauri inakula kwa mikono miwili. Mkono mmoja ni ruzuku ya serikali kuu, nayo huja na maagizo yake: hii ya mishahara, hii ya dawa, usiiguse kwa kingine. Mkono wa pili ni mapato ya ndani, yaani ushuru wa soko, leseni na kodi za majengo, na hapo ndipo madiwani wana uhuru wa kuamua wenyewe. "Kwa hiyo hela yako ni ndogo, mama, lakini ndiyo pekee tunayoweza kubishania hapa hapa." Muuza nyanya akasema, basi kibishaniwe choo cha soko. Kilijengwa mwaka uliofuata, na tangu hapo matumizi ya ushuru hubandikwa kila robo mwaka kwenye ukuta wa soko.

Lakini nikiulizwa jambo moja la kuandikwa juu yake, nitasema ni ile kata iliyo ng'ambo ya mto.

Miaka tisa iliyopita halmashauri yetu iligawanywa ikawa mbili. Kata kadhaa zilibaki kwetu, nyingine zikaenda kwa wenzetu wapya. Miezi michache baadaye aliingia ofisini kwetu muuguzi wa zahanati, amevaa sare, viatu vimejaa tope. Ilikuwa mara yake ya tatu.

"Nimekwenda kwa wenzenu, wamesema nije kwenu. Nimekuja kwenu, mmesema niende kwa wenzenu," alisema. "Dawa sina mwezi wa nne huu. Glovu za kuzalishia nanunua mwenyewe. Naomba tu mniambie, wagonjwa wangu ni wa nani?"

Mama Kasma alimpa kiti, akachukua orodha ya kata zetu. Kata ya muuguzi haikuwemo. Akapiga simu kwa wenzetu wasome ya kwao. Haimo. Mchapaji mmoja mahali fulani alikuwa ameuruka mstari. Na kwa kuwa ruzuku hugawiwa kwa kuhesabu watu walio kwenye orodha, wakazi elfu kumi na moja na ushee hawakuhesabiwa popote. Asiyekuwepo na lake halipo, ingawa hawa walikuwepo, wamekaa majumbani kwao.

Mkurugenzi wetu wa wakati huo hakuwa mtu mbaya. Alisema ukweli wa hesabu: tukiikubali kata hiyo, gharama za zahanati, barabara na shule mbili zinaanza kesho, ilhali ruzuku yake itakuja mwakani, ikija. Wenzetu nao walipiga hesabu ile ile. Kila upande ukasubiri wizara iamue, na kata ikawa yatima wa wazazi wawili walio hai.

Mama Kasma hakusubiri. Kwa wiki tatu alivuka daraja kwa miguu, akapita nyumba kwa nyumba na wenyeviti wa mitaa, wakahakiki madaftari ya wakazi. Kisha akashuka masijala, na baada ya siku mbili za vumbi akapanda na muhtasari wa mkutano wa hadhara ambapo wananchi wa kata ile walipiga kura kubaki kwetu. Aliuweka mwenyewe pale chini wakati mgawanyo ulipokuwa ukijadiliwa, tena baada ya kuusoma.

Suala lilifika baraza la madiwani. Mtaalamu hasemi barazani mpaka aulizwe, na diwani mmoja, muuza spea wa stendi, alimuuliza: "Tukiichukua kata hii leo, hela tunaitoa wapi?"

"Kwenye mapato yetu ya ndani, mheshimiwa. Tuahirishe ukumbi mpya wa mikutano."

Ukumbi ule ulikuwa ndoto ya mkurugenzi, na mkurugenzi alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake. Nilimwona Mama Kasma akishika ukingo wa meza.

"Ukumbi unaweza kungoja," aliongeza. "Mama mwenye uchungu hangoji."

Hoja ilipita kwa tofauti ya kura mbili. Dawa zilivuka mto wiki ile ile. Wizara ilisahihisha orodha baada ya miezi kumi na minne, na ruzuku ikaanza kuja.

Katika miezi hiyo Mama Kasma alihamishiwa chumba kidogo ubavuni mwa stoo. Siku moja nilimkuta anafuta machozi, nikaanza kulalamikia chumba alichopewa. "Si chumba," akasema. "Mkurugenzi alikuwa ananiamkia kila asubuhi. Sasa ananipita kama nguzo." Ukuu wa idara ulimpita mara mbili kabla haujamfikia. Siku mkurugenzi yule alipopata uhamisho, alikwenda hadi kwenye kile chumba, akakaa juu ya katoni la karatasi. "Dada, ile kata ulikuwa sahihi," alimwambia. "Nimechelewa kukuambia." Mama Kasma alimwagizia chai, wakakaa saa nzima.

Dada yetu, mwalimu wetu, asante. Asante kwa kalamu nyekundu, na kwa kutufundisha kwamba kila namba kwenye kitabu cha bajeti ina mtu anayeisubiri. Asante kwa fundi cherehani na watoto, waliotuazima wewe miaka yote hii. Afya iwe nawe, usingizi uwe mtamu, na kila utakapopita uwakute watu wanaokupenda.

Wenzangu tunaobaki, tusijidanganye kwamba tumepona. Jumatatu iliyopita alikwenda ofisi ya mtaa anakoishi, akajiandikisha kama mkazi wa kawaida, akauliza mkutano wa wananchi wa kujadili bajeti ni lini. Ni Oktoba. Ameomba kiti cha mbele.